Prodyuza na vifaa vyake: kazi, maisha na haki za wimbo wako

Kila wiki tunapokea nyimbo mpya kutoka kwa wasikilizaji wa Kanda ya Ziwa. Nyingine zinatumwa kwa WhatsApp, nyingine zinaletwa kwenye fleshi au memori kadi. Baadhi ya nyimbo hizo hazifiki hewani, na mara nyingi tatizo si uimbaji. Sauti imekwaruza, ngoma imefunika maneno, au wimbo umebanwa mara nyingi mno mpaka unasikika kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Tukimwomba mwimbaji alete nakala nzuri zaidi, jibu tunalolisikia sana ni kwamba hana, na kompyuta ya prodyuza aliyemrekodia imeharibika.

Hiyo ni hasara kubwa. Mwimbaji ametumia fedha ya mavuno, amesafiri hadi mjini, na wimbo wenyewe sasa umebaki kwenye simu tu. Makala haya yanaeleza prodyuza ni nani, anatumia vifaa gani, siku yake inaendaje, na mambo gani mwimbaji wa kijijini anapaswa kuyajua kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Prodyuza ni nani?

Kwa Kiswahili cha vitabuni anaitwa mtayarishaji wa muziki. Mtaani tunasema prodyuza. Katika nchi zenye studio kubwa kazi zake hugawanywa kwa watu kadhaa, lakini kwetu mara nyingi mtu mmoja anazifanya zote.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza biti, yaani ngoma, besi na vinanda vitakavyobeba wimbo. Ya pili ni kurekodi sauti ya mwimbaji na waitikiaji wake. Ya tatu ni miksi, ambako kila sauti inapewa nafasi yake ili moja isiifunike nyingine. Ya nne ni masta, ambako wimbo mzima unapewa kiwango cha mwisho ili usikike vizuri redioni, kwenye simu na kwenye vipaza sauti vya harusini.

Kuna kazi ya tano ambayo haionekani, nayo ni kusikiliza. Prodyuza mzuri anajua kumwambia mwimbaji kwamba ubeti wa tatu ni mrefu, au kwamba leo koo limechoka, aje kesho. Hakuna kifaa kinachouzwa dukani kinachoweza kusema hivyo.

Kutoka kwenye mkanda hadi kwenye kompyuta

Kwa miaka mingi mahali pakuu pa kurekodi muziki nchini palikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za dansi, vikundi vya taarabu na vikundi vya ngoma vilirekodiwa huko kwenye mikanda ya sumaku. Wanamuziki walipiga wimbo wote kwa pamoja, na mmoja akikosea, kazi inaanza upya. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo santuri nyingi za wanamuziki wetu zilitengenezwa Nairobi.

Mwaka 1993 sheria mpya ya utangazaji ilifungua mlango kwa redio binafsi, na redio hizo zilihitaji nyimbo mpya kila siku. Katika miaka hiyo ya 1990 studio binafsi zilianza kujulikana Dar es Salaam: Mawingu, MJ ya Master Jay, na Bongo Records ya P-Funk Majani. Humo ndimo muziki tunaouita Bongo Fleva ulipokulia. Mwanza nayo ikapata zake, na wengi wenu mnaikumbuka Tetemesha Records ya Kid Bway.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu iliyoitwa FruityLoops, ambayo baadaye ilipewa jina la FL Studio. Mtu anabonyeza vitufe kwenye kioo, kila kitufe ni pigo moja la ngoma, na biti inajizungusha. Hakuhitajika tena kuwa na chumba kilichojaa mitambo. Kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili aliweza kuanza kazi chumbani kwake. Ndiyo maana leo studio hazipo Dar es Salaam pekee. Zipo Igoma, Buzuruga, Sengerema, Geita na Kahama, nyingine zikiwa nyuma ya duka la vifaa vya simu.

Tahadhari moja hapa. Nakala nyingi za programu zinazozunguka mitaani ni za wizi, na nyingine zina virusi. Prodyuza anayepoteza kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya kirusi amelipa bei kubwa kuliko ile aliyoikwepa.

Vifaa vichache, muziki mkubwa

Vijana wengi wanatuandikia kwamba wangeanza kazi hii leo kama wangekuwa na maiki ya bei kubwa au kompyuta mpya. Historia ya muziki wetu inaonyesha kitu kingine.

Tuanze na mchiriku wa Dar es Salaam. Vikundi vya mchiriku, kama Jagwa Music, vilichukua kinanda kidogo cha Casio, ambacho wengine walikiona kama cha kuchezea watoto, vikakiunganisha na vipaza sauti chakavu. Sauti ilikwaruza, na mkwaruzo huo ukawa ndio ladha yenyewe. Mwaka 2012 albamu yao iitwayo Bongo Hotheads ilitolewa Ulaya na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji.

Kisha ikaja singeli. Watayarishaji wa uswahilini walichukua vipande vya muziki wa taarabu, wakavizungusha na kuviongezea kasi hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Studio mojawapo iliyojulikana sana ni Sisso Studios ya Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ng'ambo ya ziwa letu, ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso. Baada ya hapo watayarishaji kama Bamba Pana, Jay Mitta na Duke wa Pamoja Records wakatoa albamu zao, na singeli ikaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Kazi hiyo ilifanywa kwa kompyuta za kawaida, katika vyumba vidogo, majirani wakipika nje ya mlango.

Jambo hili halikuanzia Afrika Mashariki. Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1970 alikuwepo King Tubby, fundi wa umeme aliyekuwa akitengeneza redio na vipaza sauti. Kwa kuwa alizijua nyaya, aliigeuza mashine ya kuchanganyia sauti ikawa ala ya muziki. Alizima sauti ya mwimbaji katikati ya wimbo, akaacha besi na ngoma peke yake, akarudisha neno moja likirindima kwa mwangwi. Muziki huo unaitwa dabu, na mpaka leo watayarishaji duniani kote wanatumia mbinu zake. Kijiji chochote chenye fundi redio kina mtu anayeweza kuelewa alichokifanya.

Hawa wote wanafanana kwa jambo moja. Kila mmoja alikijua kifaa chake mpaka mwisho. Alijua kinaweza nini, kinashindwa nini, na namna ya kuutumia udhaifu wake.

Shida ya leo iko upande mwingine. Programu moja ina maelfu ya sauti za ngoma, na prodyuza anaweza kumaliza LUKU ya siku nzima akichagua tu. Mtayarishaji wa Uingereza Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt waliliona tatizo hilo zamani. Mwaka 1975 walitoa kasha la kadi, kila kadi ikiwa na maelekezo mafupi. Kazi ikikwama, unachomoa kadi moja na kufanya inachosema. Maana yake ni kwamba mbunifu akipewa uhuru wote anaweza kuganda, na akiwekewa mpaka anatembea. Huhitaji kadi za Uingereza kwa hilo. Chagua ngoma tatu, besi moja na kinanda kimoja, kisha ujizuie kuongeza kingine mpaka wimbo ukamilike.

Ngoma ya Kisukuma ikiingia kwenye kompyuta

Kwa wasikilizaji wetu sehemu hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu Kanda ya Ziwa ina muziki uliokuwepo kabla ya studio.

Usukumani ngoma ni mashindano na ni kazi. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi vingi, na baada ya mavuno watu hukusanyika kutazama nani atavuta umati mkubwa zaidi. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, na mapigo ya ngoma huendana na mkono unaolima. Bujora, eneo la Kisesa kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Huko zimehifadhiwa ngoma za watemi, na kila mwaka mwezi Juni hufanyika sherehe za Bulabo. Mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Nyimbo hizo zinasimulia kilimo, safari, vita na pamba. Kwa maneno mengine, manju ni mwimbaji na pia ni maktaba.

Leo nyimbo za asili zinarekodiwa studio na kusambaa kwa memori kadi na simu kwa simu. Waimbaji kama Bhudagala wamejulikana mbali na vijiji vyao kwa njia hiyo. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kompyuta na ngoma havikuzaliwa nyumba moja, na prodyuza asiyelijua hilo anaweza kuuharibu wimbo akidhani anautengeneza.

Kwanza kuna mwendo. Programu za kompyuta huhesabu mapigo kwa kasi isiyobadilika. Ngoma ya jembe huanza taratibu na huongeza kasi damu inapochemka. Prodyuza akimvalisha manju hedifoni zenye mlio wa kuhesabu na kumlazimisha aufuate, manju anaanza kukimbiza maneno au kuyaburuza. Dawa yake ni rahisi: mrekodi manju, waitikiaji na ngoma moja kwa pamoja, bila mlio huo, kisha ufuate mwendo wao. Ni kazi ndefu zaidi kwa prodyuza, lakini wimbo unabaki na pumzi yake.

Pili kuna uitikiaji. Kwenye ngoma waitikiaji mara nyingi huingia kabla manju hajamaliza neno lake. Ukiwarekodi mmoja mmoja, siku tofauti, ule mkanyagano mtamu unapotea. Kama studio ni ndogo, watoe nje chini ya mwembe. Maiki mbili zinatosha, moja ya manju na moja ya kundi.

Tatu kuna sauti zenyewe. Litungu la Wakuria kule Mara na nanga ya Wahaya kule Kagera hazikutengenezwa zifanane na kinanda cha Ulaya. Ukipiga kinanda juu yake bila kukirekebisha, vitu viwili vinagombana. Prodyuza ndiye anayepaswa kukishusha au kukipandisha kinanda kiifuate ala ya mzee, kwa sababu kinanda cha kompyuta kinageuzwa kwa kubonyeza tu.

Jambo kama hilo lipo kwenye programu za kunyoosha sauti. Iliyo maarufu zaidi, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand wa Marekani, hapo awali alifanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa kutumia mawimbi ya sauti. Programu hiyo husogeza kila sauti hadi kwenye noti iliyo jirani ya kinanda. Kwa wimbo wa mapenzi wa mjini inaweza kupendeza. Kwa manju ambaye sauti yake huteleza kutoka juu kwenda chini kwa makusudi, inageuza mteremko kuwa ngazi. Mwimbaji, una haki ya kuuliza kama imewekwa, na una haki ya kuikataa.

Siku ya prodyuza

Wengi hudhani prodyuza anaamka akiwaza muziki. Mara nyingi anaamka akiwaza umeme. Anaangalia mita kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kazi isiyohifadhiwa inapotea, na kompyuta ya mezani inaweza kuumia. Wenye uzoefu hutumia kompyuta mpakato kwa sababu ina betri, na wamejizoeza kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, kama mtu anayegeuza dagaa juani.

Kisha kuna hali ya hewa na majirani. Studio nyingi zimeezekwa kwa mabati, na mvua ikianza, kurekodi kunasimama. Bodaboda, jogoo, mashine ya kusaga na spika ya duka la jirani vyote vinaingia kwenye maiki. Ndiyo maana sauti nyingi zinarekodiwa usiku, ingawa walio karibu na maji wanapambana na vyura.

Mapato yake nayo yanafuata majira. Fedha ya pamba ikiingia, waimbaji wa ngoma wanakuja, na msimu wa mashindano baada ya mavuno ndio wenye kazi nyingi. Visiwani na mialoni, wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwaka, na hizo ndizo siku wanapopata nafasi ya kufika studio. Kwaya zina msimu wake kabla ya Pasaka na Krismasi. Wakati wa uchaguzi kuna nyimbo za kampeni. Katikati ya misimu hiyo prodyuza anarekodi matangazo ya maduka, anapiga picha za video harusini, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi au anatengeneza simu.

Tunaeleza haya ili mwimbaji amwelewe. Prodyuza anayechelewesha wimbo wako si lazima awe mzembe. Lakini yeye naye anapaswa kukumbuka kwamba fedha aliyopokea ilitoka shambani au ziwani, na mteja anaihesabu kila siku.

Jambo moja la afya halisemwi sana. Masikio ndiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii, na yakiharibika hayana spea. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa muda usiozidi saa 8 kwa siku, na sauti ikipanda muda huo unapungua haraka. Kama unavaa hedifoni na humsikii mtu anayekuita kwa sauti ya kawaida akiwa karibu nawe, punguza sauti. Pumzika kila baada ya saa moja.

Chumba, maiki na redio ndogo

Kuna studio nyingi zilizobandikwa trei za mayai ukutani. Trei hizo husaidia kidogo sana. Kinachomeza mwangwi ni vitu vizito na laini: godoro, mablanketi, mapazia mazito, nguo zilizotundikwa. Chumba cha kulala chenye kitanda na nguo nyingi kinaweza kurekodi vizuri kuliko sebule tupu yenye sakafu ya saruji.

Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na uielekeze pembeni kidogo ili pumzi ya herufi kama p na b isiipige. Kama huna studio kabisa, unaweza kuanza na simu. Zipo programu za bure kama BandLab zinazoruhusu kurekodi sauti moja juu ya nyingine. Hata kama wimbo hautafaa kwa redio, utafika kwa prodyuza ukiwa na mpangilio unaoeleweka, na utaokoa saa za kulipia.

Mwisho, jaribio ambalo sisi watangazaji tunalithamini kuliko yote. Kabla ya kuupokea wimbo, usikilize kwenye redio ndogo au spika ya simu, siyo kwenye spika kubwa za studio peke yake. Wasikilizaji wetu wengi wako shambani, kwenye mtumbwi au jikoni, na redio zao hazitoi besi nzito. Studio kubwa za Marekani zilikuwa na spika ndogo za Auratone kwa sababu hiyo hiyo. Kama maneno yako yanasikika kwenye redio ndogo, yatasikika popote. Kama yanapotea, mwambie prodyuza apunguze ngoma.

Kuhifadhi: hapa ndipo nyimbo zinapopotea

Wimbo uliokamilika unaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili kuu. WAV ni nakala kamili, na kwa kiwango cha CD dakika moja inachukua takriban MB 10. MP3 ni nakala iliyobanwa, na kwa kiwango cha kawaida cha kbps 128 dakika moja inachukua takriban MB 1. Wimbo wa dakika 4 ni kama MB 40 kwa WAV na MB 4 kwa MP3. MP3 inafaa kusambaza kwa simu. WAV ndiyo unayopaswa kuitunza, kwa sababu kutoka WAV unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, lakini kilichokatwa kwenye MP3 hakirudi.

Kuna kitu cha tatu ambacho waimbaji wengi hawakijui: faili la kazi lenyewe, lenye kila sauti peke yake, ngoma mbali, besi mbali, uimbaji mbali. Ukitaka kubadilisha ubeti mwaka ujao au kutoa toleo jingine, unahitaji hilo. Kompyuta ya prodyuza ikifa kabla hujalichukua, wimbo umeganda ulivyo milele.

Omba vitu hivi siku ya kumaliza malipo: WAV ya wimbo, WAV ya biti bila sauti, na sauti zote zikiwa mbalimbali. Nenda na fleshi yako. Tunza nakala mbili mahali pawili, moja kwako na moja kwa ndugu unayemwamini, au kwenye hifadhi ya intaneti kama una akaunti. Memori kadi moja iliyoko ndani ya simu moja si hifadhi, kwa sababu simu huibiwa na huzama ziwani.

Ukitutumia wimbo kwa WhatsApp, utume kama dokumenti. Usiurekodi upya kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo na hubana muziki vibaya.

Wimbo ni wa nani?

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo, aliyetunga maneno na sauti ya wimbo ana hakimiliki tangu anapoutunga, hata kabla ya kusajili. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria pia inatambua haki za waimbaji na wapigaji, na haki za mtayarishaji wa rekodi. Ndiyo maana ugomvi unazuka: mwimbaji anasema wimbo ni wake kwa sababu ameutunga na kuulipia, prodyuza anasema rekodi ni yake kwa sababu biti ni yake. Wote wawili wanaweza kuwa na sehemu ya ukweli.

Dawa ni karatasi moja, iliyoandikwa kabla ya kurekodi. Iandike nani ametunga maneno, nani ametengeneza biti, kiasi gani kimelipwa, prodyuza anaruhusiwa kuiuza biti hiyo kwa mtu mwingine au hapana, na mapato ya baadaye yatagawanywaje. Wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Kama wimbo ni wa kikundi cha ngoma, yaandikwe majina ya waitikiaji na wapigaji pia. Kama ni wimbo wa zamani wa mababu, sema hivyo waziwazi na usijiandike kama mtunzi. Sheria ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo la kuulizwa.

Usajili wa kazi unafanywa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha kwa wasanii ambao kazi zao zilipigwa redioni. Fedha ya namna hiyo humfikia mtu ambaye jina lake la kweli, jina la kisanii na nyimbo zake vinajulikana. Wimbo unaosafiri kwenye memori kadi ukiwa na jina la faili tu, kama nambari au jina la duka lililouingiza, hauwezi kumlipa mtu yeyote.

Vipi kuhusu akili mnemba?

Siku hizi kuna programu kama Suno na Udio ambazo ukiziandikia maneno machache hutoa wimbo mzima, na sauti ya mwimbaji juu yake. Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki yalizishitaki programu hizo mbili nchini Marekani, yakidai zilifunzwa kwa nyimbo zao bila ruhusa.

Maoni yetu ni haya. Kwa tangazo la duka linalohitajika jioni hii hii, programu hizo zitachukua sehemu ya kazi za prodyuza, na ni vizuri ajiandae. Lakini programu hujifunza kutokana na kilichorekodiwa. Nyimbo za Bagika na Bagalu zilizorekodiwa vizuri ni chache ukilinganisha na muziki wa nchi tajiri, na kilichoimbwa shambani bila kunaswa hakimo kabisa. Prodyuza wa Misungwi au Magu anayekaa na mzee wa miaka 80 na kumrekodi ipasavyo ameshika kitu ambacho mashine haina. Mzee huyo akiondoka kabla ya kurekodiwa, mashine haitamrudisha, na sisi pia hatutaweza.

Kabla ya kuingia studio: maswali ya kuuliza

Unaweza kuyanakili maswali haya kwenye simu yako.

1. Bei ni ya nini hasa: biti, kurekodi, miksi na masta, au kimojawapo tu?
2. Wimbo utakamilika lini, na umeme ukikatika nani anafidia muda?
3. Naweza kusikia nyimbo mbili ulizotengeneza, kwenye simu yangu na siyo kwenye spika zako?
4. Kwa wimbo wa ngoma, tutarekodi pamoja au mmoja mmoja?
5. Biti hii ni yangu peke yangu, au utaiuza kwa mwingine?
6. Nitapata WAV, biti bila sauti, na kila sauti peke yake?
7. Tutaandikiana wapi, na nani atakuwa shahidi?

Prodyuza mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Yanamlinda yeye pia, kwa sababu mteja anayejua alichokilipia hamfuati usiku kugonga mlango.